Kabla ya Noti ya Kwanza

Tarehe 28 Julai 2024, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Sudan Kusini walijipanga mstari kusubiri wimbo wa taifa lao. Ilikuwa mechi yao ya kwanza katika historia ya Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico. Spika za uwanjani zikatoa wimbo wa Sudan, ile ya Khartoum. Watu wakazomea, wimbo ukakatwa, na wachezaji wakabaki wamesimama pale pale kwa dakika kadhaa hadi ulipopatikana ule wenyewe, uliotungwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba kwa ajili ya uhuru wa 2011. Vijana walishinda 90 kwa 79, na Juba ikashangilia. Lakini zile dakika za kusubiri hazijanitoka akilini, kwa kuwa hakuna mwanamuziki aliyekosea. Wimbo ulikuwa umekwisha rekodiwa, vyombo vya sauti vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni kazi ya mtu anayehakikisha kwamba wimbo unaotakiwa uko mahali pake saa yake ikifika.

Kazi hiyo ina ufundi wake, na sijui mahali ambapo ufundi huo umefikishwa mbali zaidi kuliko katika okestra ya simfoni. Wapigaji themanini au mia, kila mmoja na ala yake, karatasi yake, kiti chake, mshahara wake, homa yake ya ghafla na msiba wake wa kijijini, wanatakiwa waanze kwa pamoja bila mmoja wao kuchelewa hata kwa kufumba na kufumbua. Msikilizaji humwona kondakta na kifimbo chake, akaamini kwamba yeye ndiye anayeendesha kila kitu. Kondakta huendesha sauti. Okestra yenyewe huendeshwa na meneja, mtunza noti, wapanga jukwaa na mhasibu, watu wasioinama mbele ya hadhira mwisho wa onyesho. Wakati makofi yanapigwa, wao wako kando ya jukwaa wakihesabu ala zinazorudi stoo.

Juba haina okestra ya simfoni. Ina bendi za matarumbeta za vikosi vya serikali, ina kwaya zisizo idadi, kuanzia kanisa kuu la Mtakatifu Teresa kule Kator hadi makanisa ya mabati ya Gudele, na ina chuo kikuu kilichokuwa kikifundisha muziki na maigizo tangu kabla nchi haijazaliwa. Sauti tunazo. Ndiyo maana naona ufundi wa hawa watu wa kando ya jukwaa unatuhusu kuliko hata fidla zenyewe, na inafaa tuutazame bila haraka.

Tuanze na jinsi meneja anavyosoma muziki. Kwa kondakta, Simfoni ya Tano ya Beethoven ni zile noti nne za mwanzo ambazo dunia nzima inazijua. Kwa meneja, simfoni hiyo hiyo ni orodha ya watu: filimbi mbili, obo mbili, klarineti mbili, fagoti mbili, pembe mbili, tarumbeta mbili, timpani, na kundi zima la nyuzi. Hao wanatosha kwa sehemu tatu za mwanzo. Ikifika sehemu ya nne wanahitajika watu watano ambao hawajapiga hata noti moja tangu jioni ianze: mpiga pikolo, mpiga fagoti nene, na wapiga tromboni watatu. Na Beethoven amefanya jambo la kumtia meneja jasho, kwani sehemu ya tatu inaingia katika ya nne bila kusimama. Hakuna nafasi ya watu kuja jukwaani na kutafuta viti. Basi wale watano ama waketi tangu mwanzo, wakikaa zaidi ya dakika ishirini na ala baridi mikononi, au waingie polepole baada ya sehemu ya pili, hadhira ikiwatazama. Kuna mtu lazima aamue, na uamuzi wenyewe unategemea ukubwa wa jukwaa, mlango uko upande gani, na kama sakafu ya mbao inalia mtu akikanyaga.

Zaidi ya hapo kuna ratiba ya mazoezi. Meneja asiye na uzoefu atapanga simfoni ifanyiwe mazoezi kwa utaratibu wake, ya kwanza hadi ya nne, na wapiga tromboni watakaa saa mbili wakisubiri dakika kumi za kazi. Mwenye ufundi huanza na sehemu ya nne, wakati wote wapo na wana nguvu. Wakienda mapumziko, anawashukuru wale watano na kuwaruhusu waende nyumbani, halafu anaendelea na waliobaki. Jambo hili dogo halionekani kwenye onyesho, lakini mpiga tromboni aliyeheshimiwa muda wake Jumanne atakuja Alhamisi bila kinyongo. Nimewahi kukaa kwenye mazoezi ya kwaya ambako sauti za besi zilisubiri tangu saa tisa hadi magharibi zikiwa hazijaguswa, nikajua pale pale kwa nini juma lililofuata besi walikuwa nusu.

Simfoni hiyo ya Tano yenyewe ilizaliwa katika jioni iliyopangwa vibaya. Tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi wa Theater an der Wien mjini Vienna, Beethoven alitoa onyesho la saa nne katika baridi kali, lenye Simfoni ya Tano, ya Sita, Konserto ya Nne ya piano na mengine mengi, na mazoezi yalikuwa haba mno. Katika kazi ya mwisho, ile ya piano, okestra na kwaya, wapigaji walipoteana kiasi kwamba Beethoven alisimamisha kila kitu, wakaanza upya mbele ya watu. Mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake alikuwapo ukumbini, ameketi kwenye piano, na ukubwa wake haukuweza kuziba pengo la mazoezi ambayo hayakupangwa.

Nikimfuata mtunza noti, ndipo mshangao wangu unapozidi. Ukitazama okestra nzuri, utaona pinde zote za fidla ya kwanza zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Wengi hudhani ni mazoea. Kumbe kiongozi wa fidla amekaa na noti zake, akaweka alama ya penseli juu ya kila mahali upinde unapogeuka, kisha viongozi wa fidla ya pili, viola, selo na besi wakalinganisha zao na zake, halafu mtunza noti akahamisha alama hizo kwenye kila nakala. Wapiga nyuzi hukaa wawili kwa kinara kimoja cha noti. Okestra yenye fidla za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10 na besi 8 ina vinara thelathini vya nyuzi peke yake, na kila kinara kinahitaji alama zile zile, ukurasa kwa ukurasa. Hufanywa kwa penseli, kamwe si kwa wino, kwa sababu kondakta ajaye atakuwa na maoni yake, na kwa sababu noti nyingi za watunzi wa karne iliyopita hukodishwa kutoka kwa wachapishaji na hurudishwa zikiwa zimefutwa.

Mtunza noti anajua pia kwamba wa upande wa ndani ndiye anayefunua ukurasa wakati mwenzake anaendelea kupiga, na kwamba ukurasa unaoishia katikati ya mbio za noti ni balaa, kwa hiyo huukata na kuubandika upya ili mwisho wake uangukie kwenye kituo. Hukagua kama namba za vipimo katika nakala ya filimbi zinalingana na za kondakta, maana kondakta akisema "tuanze kipimo cha 112" na nusu ya watu wana chapa nyingine, robo saa ya watu themanini imeteketea. Haya hufanywa wiki kadhaa kabla ya mazoezi ya kwanza, katika chumba chenye kabati na meza, na mtu mmoja aliyeinama.

Sasa tuulete ufundi huu katika hali ya hewa ya Juba. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa ajili ya joto lililotarajiwa kupita nyuzi 41. Katika joto kama hilo okestra hugawanyika yenyewe. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta na klarineti ikipata moto, sauti hupanda. Nyuzi za fidla zikipata moto hulegea, sauti hushuka. Makundi mawili yaliyopatana saa kumi yanaachana kabla ya saa kumi na moja, bila mtu yeyote kukosea. Ukavu wa Januari na Februari hufungua maungio ya fidla zilizogundishwa kwa gundi ya ngozi, na mbao za klarineti na obo huweza kupasuka. Kisha mvua za Aprili zinakuja na unyevu, na mbao zile zile zinavimba. Msimamizi wa okestra hapa angelazimika kujua mambo ambayo mwenzake wa Ulaya hayamsumbui sana: mazoezi yawe asubuhi, chumba cha ala kiwe upande usiopigwa na jua la alasiri, jenereta ya kuendesha feni iwe mbali na ukuta wa mazoezi, na nyuzi za akiba zinunuliwe kabla hazijahitajika. Uzi wa selo ukikatika hapa, safari ni ya Kampala au Nairobi, kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami hadi mpakani, halafu ndipo safari yenyewe inaanza.

Anayedhani haiwezekani aitazame Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa lenye jina lake, alianza okestra kwa waumini wa kanisa hilo. Hakuwa amesomea muziki katika chuo chochote. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, hivyo wapigaji walipokezana, huyu apige dakika chache amkabidhi mwenzake. Uzi ulipokatika na hakuna mwingine, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Albert Matubanza, aliyekuwa meneja wa okestra, alifungua besi ili aone limejengwaje ndani, akaanza kutengeneza mengine kwa mkono wake. Wengi wanaosimulia habari hizo hunionyesha umaskini na moyo wa kujitolea. Mimi naona usimamizi wa daraja la juu. Kupokezana fidla kunahitaji ratiba kali kuliko ya okestra ya Berlin, na kila dakika ya ala lazima ijulikane iko mikononi mwa nani. Meneja anayejenga besi ameelewa kazi yake hadi kwenye mzizi, kwamba mpigaji akiwapo na ala haipo, lawama ni yake, na hana wa kumsukumia.

Okestra hiyo, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilifikia wapigaji na waimbaji wapatao mia mbili, ikapiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake. Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, waliitengenezea filamu iliyotoka mwaka 2010, ambamo umeme unakatika katikati ya mazoezi na mmoja wa wapigaji, ambaye ni fundi umeme, anaacha viola yake na kwenda kurekebisha. Mwaka 2013 jumuiya ya Royal Philharmonic Society ya London ilimpa Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka uliofuata okestra ikazuru Uingereza. Fikiria kazi ya safari hiyo: pasipoti, viza, ala za mbao kwenye ndege, chakula, vyumba, na watu ambao kesho yake wanatakiwa kurudi sokoni na kazini, kwa kuwa hawalipwi mshahara wa muziki.

Na hapo tumefika kwenye fedha, mahali ambapo ufundi huu hupimwa bila huruma. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza tatizo hili kwa uwazi ambao haujapitwa. Fundi cherehani wa leo hushona nguo nyingi zaidi kwa siku kuliko babu yake aliyeshona kwa mkono, kwa hiyo mapato yake yanaweza kupanda. Simfoni ya Tano ilichukua karibu nusu saa mwaka 1808, na leo bado inachukua nusu saa na watu wale wale. Haiwezi kupigwa na nusu ya watu, wala haiwezi kupigwa kwa robo saa. Mishahara ya nchi ikipanda, ya wapigaji lazima ipande pia, lakini hawazalishi zaidi. Tiketi peke yake haziwezi kufuata mwendo huo, hata ukumbi ukijaa kila usiku. Hata Philadelphia, moja ya okestra zinazotajwa sana Marekani, iliomba ulinzi wa mufilisi mahakamani mwaka 2011.

Kila mahali wametafuta njia yao. Mjini Berlin mwaka 1882, wapigaji 54 wa bendi ya Benjamin Bilse waligoma kusafirishwa kwenda Warsaw katika behewa la daraja la nne, wakajitoa, wakaunda okestra yao wenyewe. Hadi leo wapigaji wa Berliner Philharmoniker humchagua kondakta wao kwa kura, kama walivyomchagua Kirill Petrenko mwaka 2015. Kiti cha treni ndicho kilichozaa okestra inayoheshimiwa kuliko nyingi duniani, na yeyote anayesimamia wanamuziki angekumbuka hilo kabla ya kukodi lori. Muscat walikwenda njia ya hazina ya nchi. Sultan Qaboos wa Oman aliagiza mwaka 1985 iundwe okestra ya Waomani wenyewe, wakachaguliwa watoto na vijana, wavulana kwa wasichana, wakafundishwa ala tangu mwanzo, na mwaka 1987 wakatoa onyesho la kwanza. Njia hiyo hutaka fedha isiyokatika na subira ya miaka, na Oman ilikuwa na vyote viwili.

Zanzibar imenipa funzo ninaloliona karibu zaidi nasi. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na kundi la marafiki waliopenda taarabu, na klabu hiyo ipo mpaka leo, na fidla zake, udi wake na kanuni yake. Imepita utawala wa kisultani, ukoloni, mapinduzi ya 1964 na yote yaliyofuata. Sultani aliyekuwa na hazina hayupo, klabu ipo. Kilichoibeba ni uanachama, watu wenye kazi zao za mchana, wanaokutana jioni chini ya viongozi wao wenyewe na kujua ala ipi ni ya nani. Okestra ikitegemea mfuko mmoja, siku mfuko huo unapotoboka nayo inaanguka.

Juba tunalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2024 watumishi wa serikali ya Sudan Kusini, askari wakiwamo, walikaa miezi mingi bila mishahara. Askari wa bendi ni askari. Siku ya sherehe utamwona amepiga pasi sare yake, amesugua tarumbeta likang'aa, anapiga gwaride juani bila kuyumba, na huwezi kujua kutoka kwenye uso wake ni mwezi wa ngapi hajalipwa. Namheshimu sana mtu huyo. Lakini nidhamu yake inatumika kufunika kazi ambayo mwingine alitakiwa kuifanya. Katika okestra yoyote ile, kulipa siku iliyoahidiwa ni sehemu ya muziki sawa na kupatanisha sauti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuanze kwa kuleta ala. Ala huja kwa urahisi kuliko tunavyofikiri. Wafadhili hupenda kupiga picha na matarumbeta mapya. Baada ya miaka miwili valvu zimekwama kwa kukosa mafuta, nusu ya ala zimekwenda nyumbani na watu waliohama, na hakuna daftari linaloonyesha nani alichukua nini. Tatizo hilo haliondolewi kwa kuleta tarumbeta la pili.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walio na uwezo wa kuanza. Chuo Kikuu cha Juba kina wanafunzi wa uhasibu na wa muziki wanaopishana kwenye uwanja mmoja bila kujuana. Wakutanishwe, wapewe chumba chenye kivuli na kabati la chuma lenye kufuli, na wapimwe kwa kuendesha onyesho moja la kweli tangu bajeti hadi kiti cha mwisho. Kwaya za Kator na za mjini zimteue kila moja mtunza noti, aandikwe kwenye katiba ya kwaya kama anavyoandikwa mweka hazina. Na mfadhili anayetaka kutuletea tarumbeta kumi, alete nane, na fedha ya yale mawili iwe mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu wa kuyatunza hayo manane.